Salamu Kutoka Kitanda cha Tatu

Mtasema nilikuwa na njaa. Mtasema joto la Dubai lilinipanda kichwani. Dada yangu ameshayasema hayo yote, na mengine nisiyoweza kuyaandika hapa. Lakini nilikuwa nimeshiba biriani, kiyoyozi kinanguruma juu ya kichwa changu, na jua la alasiri linawaka dirishani. Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, na mpaka leo hayajaniacha.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi kwetu Majengo, Mombasa, nikakaa. Wenzangu wana pasipoti zilizojaa mihuri. Mimi nina kochi lililoshika umbo langu. Kwa hiyo niaminini nikisema kwamba kwenda Dubai halikuwa wazo langu.

Mfanyabiashara ni dada yangu Rukia. Yeye huleta madera na nguo za watoto, na kila safari hufikia hoteli ile ile ndogo, mtaa wa Naif. Safari hii goti lilimgomea. "Utakwenda wewe," akaniambia. "Kulala utalala kama hapa, ila ukiamka ununue nguo." Akanikabidhi kwa mwenzake wa siku zote, Mama Shufaa wa Tanga, mwanamke ambaye akicheka orofa ya nne, walio barabarani hugeuka.

Nikisema hoteli, msifikirie zile za kwenye picha, zenye bwawa juu ya paa. Yetu ilikuwa imebanwa kati ya duka la mabegi na duka la manukato. Lifti ilibeba watu watatu, wakiwa hawajala. Dirisha letu lilitazama dirisha la jirani. Mapokezi alikaa Bashir, Mhindi aliyejifunza Kiswahili kutoka kwa wateja, kwa hiyo alijua salamu, hesabu, na matusi yote ya Mama Shufaa.

Chumbani mlikuwa na vitanda vitatu. Kimoja cha Mama Shufaa, kimoja changu, na cha tatu tulikigeuza stoo: marobota ya madera, mifuko ya viatu, maboksi ya vikombe, mpaka karibu na dari. Kikumbukeni hicho kitanda cha tatu.

Siku ya mwisho, miguu yangu ilikuwa imevimba kwa kuzunguka maduka. Mama Shufaa alitaka twende wote kwa watu wa kusafirisha mizigo. Nikamwonyesha miguu.

"Hii miguu au mikate ya mofa?" akaniuliza. "Haya, kaa, bi harusi. Ila ukunje hizo nguo zako, chumba kizima kama mnada."

Akaondoka. Sikukunja kitu, nguo zangu zimezoea kuishi huru. Nikaingia msalani kutia udhu wa alasiri. Nilipotoka, palikuwa na mwanamke amekaa kitanda cha tatu, anakunja nguo zangu.

Kwa nini sikupiga kelele? Nimejiuliza sana. Jibu ni kwamba aibu iliniwahi kabla ya woga, maana mkononi alikuwa ameshika sidiria yangu iliyochoka kuliko mimi. Isitoshe, hoteli kama zile watu huingia na kutoka. Nikadhani ni mgeni wa Mama Shufaa. Alivaa gauni la buluu lenye ukosi mweupe, lile la wafanyakazi wa majumbani, na kilemba kimefungwa vizuri. Alikuwa mwembamba. Chumba kilinuka jiki.

"Asalamu alaikum, dada," akasema. "Uniwie radhi. Mikono yangu haijui kukaa."

"Waalaikumu salamu. Ziache tu, zimezoea."

Akacheka kidogo, lakini hakuacha. Alikuwa anakunja pembe kwa pembe, anapitisha kiganja juu kama pasi.

"Wa Mombasa wewe," akasema.

"Majengo. Na wewe?"

"Kisauni. Ukipita kinu cha kusaga, mlango wa kijani." Akalainisha mkono wa dera. "Nilikuwa kwa madam mmoja, kule Mirdif. Khalas, nimemaliza. Nasubiri ndege ya asubuhi."

Nikamwambia hongera, mie nimekaa siku chache tu na roho imeshaniruka. Akachukua dera jingine. Nikatandika mswala kwenye kile kinafasi kilichobaki kati ya vitanda. Hapo ndipo aliposema:

"Ukifika, nisalimie mama. Bi Mwanaidi. Ukiuliza pale kinuni, kila mtu anamjua. Mwambie Saumu anakusalimu. Na umwambie asinipakulie tena. Kila magharibi ananipakulia sahani, anaifunika kawa. Chakula kinapoa. Sili, dada. Naiona sahani na siwezi kula, inaniuma."

Sasa nyinyi mnajua desturi yetu. Mtu akikupa salamu humchunguzi. Huulizi kwa nini, huulizi umeonaje sahani iliyo Kisauni nawe uko Naif. Unasema zitafika, basi, umeshabeba amana. Hata watoto tunawafundisha hivyo.

"Zitafika, inshallah," nikamjibu huku naweka ushungi sawa. Nikafunga swala.

Niko kwenye sijda ndipo akili yangu, ambayo huchelewa kama mwenyewe, iliponiuliza: huyu si anapanda ndege asubuhi? Salamu za mama yake kwa nini asizipeleke mwenyewe? Nikaharakisha, Mungu anisamehe. Nikatoa salamu kulia. Nikatoa kushoto, upande wa kitanda cha tatu.

Marobota. Marobota na maboksi mpaka karibu na dari, kama tulivyoyapanga. Hapakuwa na nafasi ya paka kukaa. Nami nilikuwa nimemwona mtu mzima ameketi pale, miguu chini, na wala sikujiuliza mizigo imekwenda wapi.

Nilitoka mbio, miguu ile ile iliyokuwa haitembei. Nikagongana na Mama Shufaa mlangoni mwa lifti.

"Makubwa! Moto?"

"Kuna mtu chumbani. Alikuwepo. Amekunja nguo."

Akanivuta kwa mkono mpaka chumbani. Mtu hapana. Lakini nguo zangu zote zilikuwa juu ya kitanda changu, pembe kwa pembe, kama za dukani.

"Wewe umekunja nguo?" Mama Shufaa akaangua kicheko. "Basi hapo pana jini kweli!"

Kicheko kilimkatikia kati. Juu ya mto wake palikuwa na kanga yake ya kulalia, nayo imekunjwa pembe kwa pembe. Kanga ile aliifunga asubuhi ndani ya begi lake, begi lina kufuli, na ufunguo alikuwa nao kifuani. Aliushika ufunguo, akalitazama begi. Kufuli lilikuwa mahali pake.

Tulishuka kwa Bashir kwa ngazi. Lifti hakuna aliyeitaja. Nikamweleza. Nilipofika kwenye gauni la buluu, akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Huyo Saumu," akasema.

Kiswahili cha Bashir kilikuwa cha kuchekesha siku zote. Siku ile hakuna aliyecheka.

"Alikuwa mgonjwa, mama. Wakala amemleta hapa alale, asubuhi aende uwanja wa ndege. Asubuhi gari imekuja. Mimi nimepanda, nimegonga mlango wa chumba hicho chenu. Nimegonga sana." Akatazama mikono yake. "Nimefungua. Amekunja kila kitu. Taulo, nguo, begi tayari. Chumba safi, kushinda tunavyosafisha sisi. Yeye amelala, hakuamka. Wamemzika huku huku."

Mama Shufaa alivuta kiti cha wageni, akakaa. Kisha akaniuliza taratibu, "Alipokupa salamu, wewe ulimjibu nini?"

"Nilisema zitafika."

"Basi shoga yangu, zifikishe."

Mombasa, Rukia alinicheka hadi akashika goti. Nikamwacha acheke. Kesho yake nikapanda tuktuk kwenda Kisauni, mimi ambaye hata dukani hutuma mtu. Njia nzima nilipanga maneno. Nitaanza na pole. Nitasema nimesikia msiba wenu. Halafu, polepole, nitafika kwenye sahani. Si ilikuwa mipango mizuri?

Kinuni walinionyesha bila kufikiri. Mlango wa kijani. Bi Mwanaidi alikuwa barazani, mwanamke wa umbo dogo, ungo mapajani, anachagua mchele. Akaniinulia uso, na uso ule ulikuwa wa Saumu. Maneno yangu yote niliyoyapanga yakaruka. Ulimi ukabaki na mazoea tu.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi. Una salamu zako za Saumu, kutoka Dubai."

Ungo ulianguka. Mchele ukatapakaa baraza nzima. Alinyanyuka akaushika uso wangu kwa mikono miwili.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, bibi."

"Amekonda?"

"Kidogo."

"Ulimkuta anafanya nini?"

"Anakunja nguo. Nguo zangu."

Akacheka. Wallahi sijasikia kicheko kama kile, kicheko kinachotoka pamoja na kilio. "Ndiye! Ndiye mwanangu huyo! Athumani! Athumani, njoo! Si niliwaambia?"

Ndani akatoka kijana, kaka yake Saumu, shati limefunguka vifungo. Alinitazama mara moja tu, nami nikajua nimeharibu kitu kikubwa.

Simu ya msiba iliwafikia zamani, Athumani alinieleza baadaye. Lakini mama yake hakuletewa maiti, hakuona kaburi, hakuona hata sanda. Akakataa. Akawa kila magharibi anampakulia bintiye, anafunika, anakaa mlangoni. Wamembembeleza, wamemletea masheikh, wapi. Mpaka wiki ile niliyofika mimi. Wiki ile alikubali wamsomee Saumu hitima. Alilia, mara ya kwanza. Kisha akaiosha ile sahani mwenyewe, akaipandisha juu ya kabati pamoja na kawa, akalala usingizi mpaka alfajiri.

Halafu nikatokea mimi na salamu.

Kwani salamu hutumwa na nani? Kwetu sisi, anayekutumia salamu yu hai. Maiti huombewa, hasalimu. Bi Mwanaidi hakuhitaji ushahidi mwingine. Nilijaribu, Mungu ni shahidi wangu. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Bibi, amesema usimpakulie tena. Chakula kinapoa, naye hali. Inamuuma."

"Ndivyo alivyo huyo," akanijibu, machozi yanamtiririka, anatabasamu. "Hapendi nisumbuke. Tangu mdogo, hapendi nisumbuke."

Akaingia ndani. Nikasikia kiti kinaburutwa hadi kwenye kabati.

Athumani alinisindikiza hadi kinuni. Nilimweleza yote, hoteli, kitanda, Bashir. "Sikatai ulichokiona, dada," akasema. "Lakini ungeanza na mimi." Kisha akasema, "Basi rudi umwambie ukweli, kwamba uliyekutana naye si mtu aliye hai."

Nilirudi. Nilifika mpaka mlango wa kijani. Bi Mwanaidi alikuwa anafuta vumbi la kawa kwa upindo wa kanga yake, anaimba kwa sauti ndogo. Mngemwambia nyinyi? Semeni kweli. Mimi sikuweza.

Sasa kila Ijumaa huniita. Mimi na kochi langu tumetengana. Hupakua sahani mbili, moja yangu, moja ya Saumu chini ya kawa, na mimi humsimulia upya: gauni lilikuwa la buluu, kilemba kimefungwa vizuri, ndiyo, alicheka. Nikiaga huniuliza, "Unarudi lini Dubai? Umpelekee salamu zangu." Nami humjibu ninachojua kujibu. Zitafika, inshallah.

Na nyumbani nako? Rukia anajisifu kwamba Dubai imenifunza usafi. Hajui. Nguo ninazitupa kama kawaida yangu, nikirudi nazikuta pembe kwa pembe, na chumba kinanuka jiki. Nimewahi kusema peke yangu, mlango nimeufunga, "Saumu, nilizifikisha." Kesho yake zimekunjwa tena.

Kwa hiyo nyinyi mnaokwenda huko na kulala kwenye vyumba vya kuchangia, nawaomba. Mtu msiyemjua akiwapa salamu za nyumbani, msikimbilie kusema zitafika. Muulizeni kwanza, wewe mwenyewe huendi? Na kabla hajajibu, tazameni amekalia nini.

Leo ni Ijumaa. Nimeamka nikakuta nguo zimekunjwa kitandani, na juu kabisa limewekwa buibui langu la kutokea, lile ninalovaa kwenda Kisauni.