Unga wa Uwele Ndani ya Glasi

Kwanza kilikuwa chandarua. Asnath alikata kipande cha kile cha zamani kilichokwisha kushindwa na mbu, akakifunga mbele ya lenzi kwa mpira wa nywele, akampiga picha shangazi yake akipepeta uwele uani. Alipoitazama akanuna, maana shangazi alionekana yuko mahabusu. Baada ya chandarua yakaja mafuta ya nazi, kisha mfuko wa mkate, kisha moshi wa kuni, ambao ulimkohoza zaidi kuliko ulivyomsaidia. Mtu aliyepita njia ile ya Hombolo siku zile, akamwona binti mzima, mwanafunzi wa chuo, anaipulizia kamera moshi, angekuwa na haki ya kuuliza huko chuoni wanafundishwa nini.

Walichofundishwa kilikuwa hiki. Mwalimu wao wa filamu, Abeli, mtu mpole mwenye tabia ya kuongea huku akitazama nje ya dirisha, aliwaambia kwamba simu yoyote pale Dodoma siku hizi inaweza kuonyesha vitu vilivyo wazi. "Nileteeni kitu ambacho kamera haikijui," akasema. Alitaka filamu fupi ya majaribio, isiyo na waigizaji wala kisa, na pamoja nayo picha za sura ya mtu mmoja, za karibu kiasi cha kuisikia pumzi yake. Wenzake wakatawanyika, kila mmoja na lake. Mmoja alikwenda Mtumba kupiga picha vioo vya wizara jua linapozama, mwingine akajifungia chumbani Nzuguni akawa anajipiga picha mwenyewe. Asnath alijua palepale kwamba yeye atakwenda kwa shangazi Loisi, kwa sababu shangazi Loisi alikuwa haoni.

Si kwamba alikuwa haoni kabisa. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na ulimwengu ulikuwa umemwondokea polepole bila kuaga. Alijua mchana na usiku, alijua mlango uko wapi, na mtu akikatiza mwanga alijua kuna mtu. Huyu ndiye aliyemlea Asnath tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, baada ya kaka yake, baba wa Asnath, kubaki mjane asiyejua hata kufunga nepi. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mkulima wa zabibu, na katikati ya paji la uso alikuwa na ile alama ya mduara ambayo wanawake wengi wa Kigogo wa umri wake wanayo.

"Shangazi, mimi unanionaje?" Asnath alimuuliza jioni moja, wameketi kwenye mkeka.

"Wewe? Hapo pana weusi kidogo, na sauti inatoka humo."

Wakacheka wote wawili. Asnath akamwonyesha kwa maneno picha aliyoipiga kupitia moshi, akamwuliza kama ndivyo anavyoona. Loisi akatikisa kichwa.

"Moshi unapita, mwanangu. Wangu umekaa. Umewahi kuosha chombo kilichokuwa na unga? Yale maji."

Asnath hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikwenda jikoni akajaza maji kwenye glasi, akatia unga wa uwele kwa ncha za vidole, akakoroga, akaiweka glasi mbele ya lenzi. Akatazama. Ukuta wa tembe, kuku, jua la mwisho na shangazi mwenyewe, vyote vilikuwa vinaelea ndani ya weupe mmoja mzito, havina kingo, havina haraka. Kisha unga ukaanza kushuka. Picha ikafunguka kuanzia juu: anga, paa, kilemba, paji la uso na alama yake, hatimaye macho. Asnath alisisimka mwili mzima. Akakoroga tena, ili yote yapotee upya.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yake. Kila Ijumaa akitoka darasani alikwenda Hombolo, na kurudi kwake Nzuguni kukawa kwa kujilazimisha. Alimpiga picha shangazi akiwa amelala, akisuka ukili, akionja mlenda kwa ncha ya ulimi. Wanadamu wengine wakiona kamera hunyoosha shingo na kukaza midomo, utadhani wako kwenye foleni ya kitambulisho. Loisi hakuwa na wa kumnyooshea shingo. Alikuwa hajui kamera iko wapi, baada ya muda akaisahau, na uso wake ukawa unapitiwa na mambo yake ya ndani moja baada ya jingine. Asnath alisogea karibu mpaka akaona mishipa midogo ya kope.

"Tulia hivyohivyo, shangazi," alikuwa akinong'ona. "Usitikisike."

Na Loisi alitulia. Akiwa chumbani kwake, Asnath aliweka picha juu ya picha kwenye kompyuta. Mkono wa shangazi ulipita juu ya maji ya bwawa. Shamba la zabibu la mwezi wa nane, lenye vumbi na upepo wa baridi, lilirudi nyuma, mwisho kwenda mwanzo, majani yakapanda kutoka ardhini na kushika matawi yao. Alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo maishani, furaha ya kutembea usingizini na kujua kwamba hutajikwaa.

Ndipo Silvano alipopiga simu. Silvano ni mtoto wa pekee wa Loisi, dereva wa ofisi moja kule Mtumba, mtu wa maneno machache.

"Mdogo wangu, madaktari wa macho wanakuja kituo cha afya hapo Hombolo wiki ijayo. Wanatoa mtoto wa jicho bure. Mimi sipati ruhusa, nina safari na bosi. Wewe mpeleke mama."

Asnath alikuwa uani, glasi mkononi. Unga ulikuwa umeshuka nusu.

"Wiki ijayo nina mtihani, kaka."

"Hakuna namna?"

"Hakuna."

"Basi. Watarudi tena mwakani."

Mtihani haukuwapo. Palikuwa na filamu ambayo haijaisha, na mtu ambaye akiona vizuri filamu hiyo imekufa. Asnath alijua anachofanya, tusimtafutie visingizio. Aliona aibu, aibu ya kweli, kisha akaanza kujitetea kama tunavyojitetea wote: kwamba shangazi amezoea, kwamba mwakani si mbali, kwamba kazi hii ni ya kumheshimu yeye mwenyewe shangazi. Akakoroga unga.

Wiki ya madaktari ilipofika alikwepa vipindi, akakaa Hombolo. Alimwambia shangazi kwamba amepewa nafasi ya kumalizia kazi. Alimtembeza kati ya mistari ya mizabibu, Loisi akiyapapasa majani kwa mikono yote miwili, na Asnath akirudi kinyumenyume mbele yake na glasi yake na kamera yake. Upepo uliinua vumbi jekundu likapita kati yao. Walikuwa wawili tu, na siku zile hazikuwa na pembe. Asubuhi iliingia ndani ya mchana bila mtu kuiona. Kule kituo cha afya, vizee kutoka vijiji vyote vya jirani walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakingoja zamu zao.

Mchana mmoja walipumzika ndani ya tembe. Asnath aliwasha kamera, akaisogeza karibu na uso wa shangazi, akamuuliza anaota nini siku hizi. Aliuliza kwa ajili ya filamu. Alitaka sauti ya kuweka juu ya yale majani yanayopanda.

"Nakuota wewe sana," Loisi akasema. "Unakuja pale mlangoni na sare ya shule ya msingi, ile sketi niliyokushonea ikawa ndefu. Unaongea na sauti hii ya kikubwa uliyo nayo sasa. Mimi nakwambia, Asnath, vua sare uje ule. Hujanijibu hata siku moja."

"Kwa nini sare, shangazi?"

"Nitakuvika nini kingine? Ulipokwenda bweni ukungu ulikuwa umeshaanza. Kila likizo ulirudi umefifia zaidi. Sura yako mimi naijua mpaka darasa la saba, baada ya hapo imekatika." Alisema hivyo bila uchungu, akichezea pindo la kanga. "Watu wananiambia umekuwa mzuri. Nasema ndiyo, ndiyo."

Asnath aliendelea kushika kamera kwa muda kidogo, kwa sababu mikono haikujua la kufanya. Kisha akatoka nje. Alikwenda nyuma ya ghala la uwele, akalia kwa hasira ya kujichukia. Miezi yote hii alikuwa ameukaribia uso wa shangazi mpaka kwenye kope, na shangazi alikuwa hana hata picha moja ya uso wa Asnath wa sasa. Akampigia Silvano.

"Kaka, sina mtihani. Sikuwa nao."

Silvano akasema, "Wameondoka Hombolo jana. Wako hospitali ya mjini mpaka Ijumaa, kwa waliobaki. Fanya haraka."

Walipata lifti kwenye pikapu ya mnunuzi wa zabibu. Loisi aliwekwa mbele na dereva, Asnath akakaa nyuma juu ya kreti, harufu tamu ikimpanda kichwani, kamera mapajani. Nyika ilipita, miti yake isiyo na jani hata moja, vilima vya mawe, mbuzi, vumbi, na yote yalikuwa makavu na wazi kupita kiasi. Alijaribu kufumba macho kidogo ili ayafanye laini, akaacha.

Hospitali waliwapokea. Walianza na jicho la kulia. Loisi alikwenda chumba cha upasuaji akitembea mwenyewe, ameshikwa kiwiko na nesi, akaulizia kama kuna ngazi. Alirudi na pamba na plasta, akala uji, akalala. Na Asnath, pamoja na machozi yake yote ya nyuma ya ghala, alikuwa ameshaanza kufikiri. Mwanafunzi wa filamu ni mwanafunzi wa filamu. Alijua sasa mwisho wa kazi yake utakuwa nini: unga unashuka mpaka chini kabisa, glasi imebaki maji matupu, halafu uso wa shangazi kwa karibu, dakika ile ile jicho linapofunguka. Hakuna mwenzake hata mmoja angekuwa na picha ya namna hiyo. Asubuhi aliomba ruhusa kwa nesi, Anitha, akapewa. Alipima mwanga wa dirisha, akavuta benchi, akakaa mbele ya kitanda, kamera usoni.

Nesi akabandua plasta taratibu, akaondoa pamba, akafuta.

Loisi alipepesa jicho. Chozi likashuka. Aliutazama ukuta. Alimtazama mama wa kitanda cha jirani, akamsalimu, "Mbukwa," kwa adabu zote. Aliinua mikono yake, akaigeuza mbele na nyuma, akaguna. Asnath aliyarekodi yote, hakukosa hata moja. Kisha Loisi akageuka upande ambao alijua mwenziwe yupo, na mahali pa uso palikuwa na kitu cheusi.

"Asnath yuko wapi?" akamuuliza nesi.

"Niko hapa, shangazi. Ni mimi."

"Basi kiondoe hicho. Weusi wenye sauti nimekaa nao miaka yote."

Asnath aliishusha kamera. Aliiweka kwenye benchi pembeni yake bila kuizima. Baadaye aliikuta imerekodi sakafu ya saruji na pindo la kanga, na sauti. Yeye mwenyewe alibaki mikono mitupu, hajui aiweke wapi, na kwa mara ya kwanza akajisikia shingo yake ikinyooka na midomo ikikaza, kama wale wa foleni ya kitambulisho.

Loisi alimtazama. Hakusema umekua, wala umekuwa mzuri. Alimtazama kama anavyochagua mbegu, kidogo kidogo, akaanzia nywele, akashuka. Akasimama kwenye nyusi ya kushoto.

"Hili kovu la nini?"

"Nilianguka bwenini, shangazi. Kidato cha pili. Nilishonwa."

"Ulirudi likizo ukiwa nalo?"

"Ndiyo."

"Ulilala kwangu mwezi mzima. Mbona hukuniambia?"

"Nilijua hutaliona," akasema.

Nesi Anitha akajifanya anakunja kitambaa. Jicho jipya la Loisi, jekundu, halikubanduka usoni mwa Asnath.

"Na mtihani," Asnath akasema. "Shangazi, wiki ile ya madaktari, mimi sikuwa na mtihani."

"Najua."

"Ulijua?"

"Silvano alinipigia, akasema una mtihani. Nami niko nawe uani kutwa, unanikorogea unga. Mtihani gani huo?" Akajifuta chozi kwa mgongo wa kiganja. "Nikasema, nikiona vizuri huyu atarudi zake mjini. Macho yangoje kidogo. Nilikuwa sijakaa nawe hivyo tangu ulipokuwa wa sare."

Asnath aliinamisha kichwa, akaanza kulia. Mkono wa Loisi ukaja chini ya kidevu chake, ukakiinua, ukakigeuza kidogo upande wa dirisha, palepale mwanga ulipokuwa mzuri.

"Tulia hivyohivyo," akasema. "Usitikisike."