Friji ya Chanjo na Simu za Watu

Juzi nilikuwa Mwanjelwa, Mbeya, kwenye duka la vifaa vya sola. Akaingia dada mmoja, mchanjaji wa kuku, amekumbatia betri kifuani. Anaishi kwenye tela lenye paneli juu ya paa, analizungusha vijijini huko Madibira.

Fundi akaipima betri, akatikisa kichwa. "Imekufa hii, dada. Ulikuwa unawasha nini?"

"Friji ya chanjo tu."

Fundi akaipima betri tena.

"Na simu za watu," dada akaongeza, akikwangua kaunta kwa ukucha. "Kaka, mtu anakwambia ana mgonjwa huku Mbeya na simu imezima. Utamnyima chaji?"

"Na chanjo je?"

"Simu zikimaliza betri, friji ilikuwa inazima, nami sijui. Nimechanja kuku wa kijiji kizima kwa dawa iliyoharibika. Ugonjwa wa mdondo umewafagia wote."

"Nani kakwambia?"

"Wenyewe. Wamenipigia, mmoja mmoja."

Fundi akaisukuma betri pembeni. Mimi nikaangalia barabarani.

Ukiwanyima watu chaji, nani atakuletea kuku wake? Ukiwapa, kuku wanakufa. Halafu kila siku tunaambiwa jua ni la bure.