Gongo Lililorudi Mlimani

Wakati ule nilikuwa nakata nyasi na kutandika mkeka wa kuchezea kwenye uwanja wa kriketi mjini Morogoro. Kabla ya hapo nilipakia mizigo Msamvu, nikapalilia mpunga Dakawa, na kote huko sikukaa. Pale uwanjani nilikaa kuliko kawaida yangu, kwa sababu ya mzee mmoja.

Alizaliwa juu, Uluguru. Utotoni aliwaokotea mipira wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakicheza jioni, kisha akacheza nao, mwishowe akaichezea nchi. Mechi zake zilizungumzwa mpaka na watu wasiojua kriketi inachezwaje. Goti lilipomshinda, akatangaza kustaafu, na timu ikamwandalia pilau chini ya turubai.

Kila mtu alijua gongo lake la kupigia mpira litakwenda kwa binti yake. Binti alikuwa mpigaji bora wa timu ya wanawake na alijifunzia gongo hilohilo. Majaribio ya timu ya taifa yalikuwa yamekaribia, na magongo mengine ya timu yalikuwa mazito, yamefungwafungwa kwa utepe wa gundi. Mzee akasimama, akalinyanyua. Binti alikuwa ameshanyoosha mikono.

"Ngoja kwanza, mdogo wangu," ilisikika sauti kutoka nyuma. Alikuwa dada mkubwa wa mzee, aliyeshuka kutoka mlimani asubuhi ile. "Huyo mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Vya kwetu vinarudi kwetu. Mpwa wako huyu hapa."

Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mali ya mjomba huenda kwa mtoto wa dada yake. Nilijua hivyo kuhusu mashamba. Sikuwahi kufikiri kwamba gongo la kriketi nalo limo.

Mpwa, mkulima wa kabichi mwenye mabega mapana, akapokea gongo na kulishika wima kama mchi.

"Utatwangia nini, kaka?" kijana mmoja wa timu akapaza sauti. Watu wakacheka. Binti hakucheka. Na mzee, aliyekuwa hakwepi mpira wa mtu yeyote, akakaa chini bila neno.

Kesho yake nilishindwa kuvumilia. "Shikamoo mzee. Samahani, lile gongo si lako? Mbona ulinyamaza?"

"Marahaba. Mimi nimelelewa na shamba la mjomba wangu," akasema. "Nilikula bila kuuliza la nani. Leo zamu yao imefika, nianze kuuliza?"

Binti alikuwa karibu, anafunga kamba za viatu. Mzee akamgeukia. "Mtu akitaka kulima shamba la baba yake, anakwenda kwa ukoo wa baba na kuku, anaomba. Analima maisha yake, halafu linarudi. Nenda kaombe."

"Nikaombe gongo la baba yangu?"

"La baba yako, ndiyo. Si lako."

Siku mbili hakusema na baba yake. Ya tatu akaja na kuku mweupe kwapani na kuniuliza kama najua njia ya mkato ya kwenda mlimani. Sikuijua, lakini nilitaka kuona mwisho wake, kwa hiyo nilisema naijua. Tulipotea mara moja tu.

Shangazi alitukuta uani. Binti akapiga goti, akaamkia, akamkabidhi kuku. Shangazi akamgeuzageuza.

"We mwanangu, huyu si kuku wa kisasa huyu?"

"Ndiye niliyempata sokoni, shangazi."

"Mtu anaomba mali ya ukoo kwa kuku wa kisasa! Haya, sema ulichojia."

Binti akasema: "Naomba kulitumia gongo la ukoo. Nikiacha kucheza, nitalirudisha."

"Na watoto wako?"

Hapo ndipo palipomuuma, nilimwona. "Watoto wangu halitawahusu."

Shangazi akamwita mwanawe. Gongo lilikuwa limetundikwa ukutani juu ya kitanda chake, limepakwa mafuta ya nazi. Alilitoa taratibu, kama mtu anayemtoa mgonjwa.

Mechi iliyofuata, nikiwa nachora mstari wa mpaka, niliona watu wanaingia kwa foleni: mpwa, shangazi, na ndugu zao wenye vikapu. Wakatandika khanga ndani ya uwanja kabisa, ikabidi niwabembeleze warudi nyuma.

"Usiligonge chini!" mpwa akafoka kila binti alipojiandaa. "Litapasuka hilo, dada!"

Mzee akaenda kukaa nao. Miaka yote aliyocheza, dada yake hakuwahi kukanyaga pale.

"Mbona hakimbii?" dada akauliza.

"Ule mpira umevuka mpaka. Anapewa alama nne bila kukimbia."

"Bila kukimbia? Na wewe ulikuwa unapewa hivyohivyo?"

"Nilikuwa napewa."

"Na hukutuambia!"

Binti alipotolewa, mpwa aliingia uwanjani kabla mwamuzi hajashusha kidole alichoinua kumtoa, akalikagua gongo pande zote mbili, ndipo akampa pole. Nyuma yangu shangazi alikuwa anauliza kama ndiyo imekwisha. Mzee akamwambia kwa binti imekwisha, mpaka Jumamosi.

"Basi Jumamosi aanze yeye," akasema, akikung'uta khanga. "Tunatoka mbali."