Betri Zilizomuua Babu Obuya

Nyinyi wenzangu mliokulia Awendo mtanielewa nikisema kwamba utotoni sikuota kuwa daktari wala rubani. Niliota kuwa dereva wa lori la miwa. Enzi hizo hewa yote ya mji ilinuka sukari inayochemka, na malori yakipita barabarani yamebeba miwa mpaka juu, watoto waliyafuata kama inzi. Ulivuta muwa mmoja ukimbie nao, utingo akutukane kwa lugha tatu, nawe ukae kando ya barabara ukimenya kwa meno, maji yakikutiririka mpaka kwenye kiwiko na vumbi likinasia hapo hapo. Mtoto aliyerudi nyumbani akiwa msafi aliulizwa kama ni mgonjwa.

Lori letu tulijitengenezea wenyewe. Bodi ilikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia, fremu ilikuwa waya, na magurudumu yalikatwa kwenye patipati, zile ndala za mpira. Patipati zilipotea nyumbani mojamoja, na mama akamlaumu mbwa. Maskini mbwa yule alikula viboko vingi kwa sababu ya usafiri wetu.

Fundi mkuu alikuwa kaka yangu Ouma. Siku moja kicheza kanda cha baba kilikufa kabisa, na Ouma akaomba apewe maiti yake. Akatoa mota ndani, akaifunga chini ya lori letu, akaiunganisha na gurudumu la nyuma kwa raba ya tyubu ya baiskeli. Kilichobaki ni betri.

Betri tulizokuwa nazo ni zile zilizokwisha nguvu, zikatupwa. Vijana wa leo hawajui haya: betri ikizeeka tuliianika kwenye mabati juani, na ikikataa bado, tuliitafuna kwenye kingo. Tuliamini jua na meno huirudisha betri ujanani. Na kweli, ilizinduka kidogo. Tukiiunganisha, lori likiwa limeinuliwa mkononi, magurudumu yalizunguka vizuri hata tukapiga vigelegele. Tukiliweka chini na kulitia vipande vya miwa, lilitetemeka kidogo, likazirai.

Ouma alilitazama kwa muda mrefu, mikono kiunoni.

"Moto umo ndani," alisema. "Ila hautoki kwa kasi ambayo mota inautaka. Lori likibeba mzigo linaomba mengi mara moja, na hizi zilizozeeka zinatoa kidogokidogo."

Hakuna aliyemfundisha hayo. Aliyaona tu kwa macho. Mimi nilimwona profesa. Shida ni kwamba betri mpya katika boma lote zilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya redio ya Dani.

Dani ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama mzaa baba. Redio yake ilivaa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na kazi yake kubwa ilikuwa matangazo ya vifo. Kila jioni Dani aliegemea redio akisikiliza nani ameaga, wa wapi, ameacha nani, na mazishi ni lini. Alijua ukoo wa nusu ya Nyanza kwa njia hiyo. Tukipiga kelele wakati huo alisema, "Nyamazeni, watu wanakufa hapa."

Mchana mmoja Dani alipokwenda sokoni, Ouma alizitoa betri zake mpya, akamtilia zetu zilizotafunwa.

Lo, lori lile! Tulilipakia miwa ikasimama wima, likaondoka mlangoni kwa baba, likapita jikoni, likapanda kile kimlima cha kuelekea zizini bila kusita. Watoto wa majirani walilifuata kwa heshima kama wanaosindikiza gavana. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na nimeona mengi tangu hapo.

Jioni, tukiwa bado katika furaha hiyo, tukasikia mayowe ya Dani, aliyekwisha kurudi kutoka sokoni.

Redio yake ilikuwa ikinong'ona. Alikuwa ameibandika sikioni, na katika mikwaruzo akasikia, "Mzee Obuya, wa..." Jina la mahali likamezwa. Dani hakulihitaji. Obuya pekee aliyemjua duniani alikuwa kaka yake wa tumbo moja, aliyeishi Magunga. Na hawakuwa wamesemezana kwa miaka mingi kwa sababu ya ng'ombe mmoja wa mama yao, ambaye kila mmoja alidai ni wake.

"Uwi, Obuya!" alilia akiwa amekaa chini, kitambaa cha kichwa kimeanguka. "Umeondoka na hasira yangu!"

Simu hazikuwepo. Kesho yake asubuhi safari ikafungwa: Dani, baba, mimi na Ouma, na kuku wa matanga kwenye kikapu. Ouma alijivuta nyuma yetu sote. Alidhani, kwa mantiki ya kitoto, kwamba betri zile ndizo zilizomuua mzee.

Tulipokaribia boma la babu Obuya, Dani akaanza kuomboleza kama desturi inavyotaka, akikimbia huku na huku njiani, mikono juu. Na alikuwa hodari. Alimsifu kaka yake kwa vita vya utotoni, kwa alivyombeba mgongoni wakivuka mto, kwa meno yake meupe. Halafu akapaza sauti zaidi: "Obuya, mwana wa mama! Ng'ombe yule alikuwa wako! Nilijua ni wako! Amka umchukue!"

Lango likafunguliwa. Akatoka mzee mwembamba, rungu mkononi, kipande cha samaki shavuni, akihema kwa mbio.

"Nyamin, dada yangu, kuna nini?" aliuliza. "Nani amekufa?"

"Ni wewe!" alijibu Dani, kabla hajatazama vizuri.

Babu Obuya akajishika kifua. Akajitazama miguu kama mtu anayehakikisha. Baba akageuka upande akijifanya anakohoa. Ouma, yeye, alikaa chini katikati ya njia, akalia kwa mara ya kwanza tangu jana.

Ndipo mzee akasema taratibu, "Basi nimesikia. Umesema ng'ombe ni wangu."

"Nimesema ni wa marehemu," akajibu Dani.

Wakatazamana. Kisha Dani akamvamia, akampiga ngumi mgongoni, akamkumbatia, akampiga tena, na sikuweza kujua lini kilio kiliisha na kicheko kikaanza. Tulikaa Magunga siku kadhaa. Kuku wa matanga aliliwa na marehemu mwenyewe, aliyelalamika kwamba kuku ni mdogo kwa mtu wa hadhi yake. Baadaye tulijua aliyetangazwa alikuwa Obuya mwingine kabisa, wa upande wa Mbita.

Nyumbani, Dani alifungua redio na kukuta alama za meno. Ouma alichota maji mpaka likizo ikaisha. Lakini kuanzia hapo ndugu wale wawili walitembeleana mpaka uzee ukawakataza.

Leo Ouma ni mpima ardhi kule Homa Bay, ana mvi na kitambi, na starehe yake ni malori madogo ya umeme yanayoendeshwa kwa rimoti. Amemwambukiza binti yangu Adhis. Mwezi uliopita tulikwenda Migori kumtafutia Adhis betri, katika duka la mfanyabiashara mmoja mpole aliyetuita wote "ndugu zangu."

Adhis akachagua ya bei rahisi. "Anko, si hii iko sawa tu? Ukubwa ni ule ule."

"Huo ni ukubwa wa tumbo," alisema Ouma. "Mimi nauliza upana wa koo. Ona hapa kwenye herufi C, hiyo ndiyo koo. Tumbo ni ampea-saa tano. C ni kumi. Zidisha."

Mtoto akatoa simu kuzidisha tano kwa kumi. Nilitazama dari.

"Hamsini," alisema.

"Lori lako likipanda mlima linaweza kuomba ampea themanini. Hii itatoa hamsini, ikilazimishwa zaidi itachemka, itavimba kama andazi, na inaweza kuwaka. Chukua ya C ishirini na tano, iwe na nafasi ya kupumua."

"Na hii imeandikwa C mia na ishirini!" Adhis alidaka nyingine.

Ouma akaipima mkononi. "Nyepesi hivi? Hiyo ni mdomo tu." Mwenye duka akacheka, akairudisha kwenye rafu mwenyewe. Akatuuzia ile ya kati, na mfuko usioshika moto wa kuichajia, akatusihi tusiichaji bila mtu kuiangalia.

Jumapili tuliijaribu kwenye uwanja karibu na ziwa. Lori la Adhis lilipanda lundo la kokoto kama mbuzi, na betri ikashuka ikiwa na uvuguvugu tu. Kila kitu kilikwenda sawasawa. Adhis na watoto wengine waliokuja na malori yao walisimama wametulia, vidole vikicheza kwenye rimoti, na lori likapita mbele yetu kimya, likisikika kama nyuki aliye mbali.

Ouma alivumilia kidogo. Kisha nikasikia, "Vruuuum... ngrrr... pshiii," akibadilisha gia kwa mdomo, mashavu yamejaa upepo, mate yakiruka, vile vile alivyoendesha utotoni, maana sauti ya injini tuliitoa sisi wenyewe. Kijiji kizima kilimjua dereva kwa gia zake.

"Mama, mwambie anko aache, watu wanaangalia," Adhis alininong'oneza.

Nilitaka kumwambia. Lakini lori lilikuwa limefika mlimani, na Ouma pumzi zilikuwa zinamwishia. Nikavuta hewa, nikaweka gia ya kwanza.