Chokaa ya Kina Mama

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa kukagua watu wanaokata miti. Katika mtaa wetu wa Eastlands, watu walikwenda kazini viwandani, relwe au ofisi za mjini, kwa hiyo yangu haikueleweka. Jirani mmoja alimuuliza mama kama kweli nilikaa chuo miaka yote hiyo kusomea visiki. Mama akamjibu kwamba nimesomea kuona yale ambayo wengine hawayaoni. Jibu hilo lilinitia hofu zaidi, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa na hakika nilikuwa naona nini.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kampuni ndogo iliyoniajiri ilitumwa kwenye mashamba ya miti kuangalia kama ukataji umefuata masharti ya kibali. Safari za mwanzo nilifuatana na bosi wangu huko milimani, yeye akiandika na mimi nikishika ncha ya tepu ya kupimia. Kisha akanituma peke yangu, kwa kuwa shamba lenyewe lilikuwa karibu na kwetu. Lilikuwa shamba la mikaratusi kando ya mto, chini kidogo ya mtaa. Tulipokuwa watoto tuliliita msituni, ingawa ukisimama katikati yake uliweza kumwona mtu akianua nguo upande wa pili.

Masharti yalikuwa rahisi. Miti mingi ilikuwa imezeeka, na matawi yalikuwa yakiangukia mabati ya watu, hivyo ikaruhusiwa kukatwa. Lakini iliyo kwenye ukanda wa mto ilipaswa kubaki ili ishike kingo, na pia kwa sababu ramani ya mipango ya jiji ilikataza kujenga kwenye ukanda huo. Mpaka wa ukanda haukuwa na alama nyingine ardhini, hivyo miti ya kubaki ilizungushiwa rangi nyeupe ya mafuta chini kabisa, karibu na mizizi. Mtu akiukata mti kama huo, kisiki chenyewe kingetoa ushahidi. Kazi yangu ilikuwa kupita baada ya ukataji na kutazama. Kisiki cheupe ni kosa.

Nilivaa gamubuti za baba za kazini, zikanipwaya, nikashuka mtoni. Visiki vyote vilikuwa vyeupe. Si vya mtoni tu. Hata vile vya juu, karibu na barabara, vilikuwa vyeupe kama meno.

Mkandarasi alikuja kunisalimia. Alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu aliyenijua tangu nilipokuwa nikisimama mbele ya waumini kusema mstari wa Biblia.

"Binti yangu, usiogope hiyo nyeupe," alisema. "Ni chokaa ya mama zako."

Akanieleza. Juma moja kabla ya kazi kuanza, kanisa lilifanya mkutano wa hadhara kwenye uwanja ulio kando ya shamba, na askofu alikuwa anakuja kutoka mkoa wa Magharibi. Kwetu, mgeni mkubwa akija, miti hupakwa chokaa hadi kiunoni, na mawe ya njiani pia. Hakuna anayeuliza kwa nini. Chama cha kina mama kilipaka shamba zima. Vijana wa misumeno walipofika na kukuta kila mti mweupe, yeye alifuata ramani aliyopewa na kazi ikaendelea.

Nilimwamini, halafu nikaogopa kwamba nimemwamini kwa sababu ni mzee wa kanisa. Nikaamua kutomwamini, nikaogopa kwamba namwonea kwa sababu hiyo hiyo. Nikiandika kwamba visiki vyote ni kosa, angenyang'anywa leseni, na wale vijana, ambao wengine nilisoma nao shule ya msingi, wangerudi kukaa vibarazani. Nikiandika kwamba yote ni chokaa, na kumbe chini yake kuna rangi, mto ungekuwa umeibiwa miti yake nami nikiwa nimesimama hapo na gamubuti.

Kijana mmoja aliyekuwa akikatakata magogo akazima msumeno wake, akaniita. "Sista, hebu tuambie. Mti ukijiangukia wenyewe, nao unashtakiwa?"

Wenzake wakacheka. Mimi nilichelewa kucheka, kwa sababu nilikuwa nalitafuta jibu.

Nilipanda hadi kwenye kibanda cha simu, nikampigia bosi. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Andika kile utakachoweza kukirudia mbele ya mtu yeyote, hata mama yako." Simu ikakatika. Nikaona afadhali nianze na mama mwenyewe.

Nilimkuta akichambua kunde, matone ya chokaa yakiwa bado kwenye viatu vyake. Nikamuuliza kama kweli walipaka miti yote.

"Yote," alisema. "Ulitaka tubague miti ya Mungu?"

Nikamuuliza kama waliona weupe wowote pale chini kabla hawajaanza. Akafikiri. Ndiyo, kuna iliyokuwa na rangi tayari, ile ya mtoni. "Tulidhani kuna mtu alianza akachoka. Tukammalizia."

Tulipoketi kula, nilikuwa na tonge mkononi nilipokumbuka sweta langu la shule. Utoto wangu wote nilikatazwa kuegemea ukuta wa chokaa, kwa sababu ilitoka na kukufuata hadi darasani. Rangi ya mafuta haitoki. Nikaacha chakula, nikachukua ndoo na brashi ya kufulia.

"Kwa brashi moja utamaliza Krismasi," mama alisema, akatoka kwenda kuwaita wenzake.

Walikuja na mabeseni, leso zimefungwa kiunoni, wakinilaumu kwa kuwafanya waoshe miti waliyoipaka kwa jasho lao. Vijana wa misumeno waliteka maji kwenye bomba la mtaa. Kisiki baada ya kisiki, chokaa ilitiririka na gome likabaki tupu. Mkandarasi alitufuata mikono mgongoni, akijifanya anatazama mawingu.

Mtoni, kwenye kona, visiki viwili vilikataa. Cha kwanza nilikisugua mimi. Cha pili alikisugua mama, akakisugua kuliko ilivyohitajika. Nilijua alitamani kitoke.

"Haitoki," alisema hatimaye, bila kumtazama mzee wa kanisa. "Basi iandike."

Mkandarasi akavua kofia. "Hiyo miwili ni yangu. Ramani ilinishinda hapa kwenye kona."

Nikaandika hivyo hivyo. Miti miwili ilikatwa kimakosa, mingine yote kwa haki, na mkandarasi apande mingine mahali pake na kuitunza. Leseni ikabaki. Niliongeza pendekezo kwamba alama ziwe za rangi isiyotumiwa na makanisa. Bosi alicheka, lakini hakulifuta.

Mkandarasi alipanda miche ya asili pale konani, akaizungushia senyenge. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tukipita kuiona, na alinionyesha kila jani jipya kana kwamba bado namkagua. Pengine nilikuwa namkagua.

Askofu aliporudi mwaka uliofuata, mama alisimama mlangoni na ndoo ya chokaa, akaniuliza kama kuna mti asioruhusiwa kuugusa. Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. Nikamwambia apake yote, ila ile michanga ya konani aiache ikue kwanza.