Ushindi Usio na Haraka

Venyamin Arkadyevich alikuwa mtu wa kwanza katika taasisi yake, pale Moscow, kuifundisha mashine kucheza sataranji, na wa mwisho kufanya kila kitu kingine. Viatu vyake vya theluji alivitia soli mwezi Aprili, theluji ikiyeyuka. Uchumba wake na Rimma Osipovna, aliyekuwa akimtobolea kadi za matundu zinazoipa mashine maagizo, ulikuwa umetimiza miaka tisa.

“Venya, twende basi tukaandikishe ndoa,” Rimma humwambia.

“Kwani kuna anayekunyang'anya? Jambo limekwisha hilo, mpenzi. Liwe leo, liwe kesho, ni lile lile.”

Haraka haraka haina baraka, sawa; lakini ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, na hilo la pili hakuna aliyewahi kumwambia akasikia.

Mashine yenyewe ilikuwa moja, imejaza ukumbi mzima, na wanafizikia walikuwa wakiililia. Mkuu wao, Gleb Savelyevich, alimshtakia mkurugenzi kwamba hesabu za maana zinapanga foleni huku chuma cha serikali kikicheza mchezo wa wastaafu wa bustanini. Mkurugenzi akakata shauri: Gleb acheze na mashine siku ya Ijumaa. Ikimfunga mfalme wake kabla ya saa nane mchana, Venyamin atabaki na zamu zake. Isipomfunga, kazi yake ya miaka sita itaingia kabatini.

Kufikia saa sita mashine ilikuwa imemla Gleb kete zote. Amebaki na mfalme peke yake, hana hata askari. Venyamin akaanza kupokea pongezi. Hatua moja tu ya kumfunga mfalme ilibaki.

Mashine ikasogeza ngome pembeni.

“Vipi, imechoka?” akauliza Gleb, akimenya yai.

Ikasogeza malkia. Ikairudisha ngome. Kila mara ushindi ulikuwa pale pale, hata mama wa kufagia aliuona, na kila mara mashine iliupita.

“Funga, we chuma! Funga!” watu walipiga kelele.

“Iacheni, jamani, inafikiri,” alisema Gleb. Alimaliza yai, akala mkate na soseji, akanywa chai. Saa nane ikagonga, na wanafizikia wakaingia na makasha yao ya kadi.

Venyamin aliketi ngazini akalia, bila kujificha. Kisha akafunua karatasi zake, akasoma, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Katika maagizo yake, kumfunga mfalme kulipewa pointi elfu kumi. Kwa hatua moja, elfu kumi. Kwa hatua mbili, elfu kumi vile vile. Mashine haikuona cha kukimbilia.

“Rimma! Nitobolee kadi moja tu: kila hatua ya kuchelewa, itolewe pointi!”

Rimma akaitoboa, akamletea. “Umeliona leo hili?”

“Leo hii! Jambo dogo hivi! Nilikuwa kipofu, wallahi.”

“Mimi nimekuwa nikizitoa pointi zako tangu mwaka wa tatu wa uchumba, Venya,” alisema, akifunga vifungo vya koti. “Zimekwisha.”

Ilimchukua muda kuelewa. “Rimma, ngoja! Twende ofisi ya ndoa! Sasa hivi!”

Mlango wa chini ukajifunga. Venyamin akasimama na kadi yake mkononi, na ukumbini mashine ilikuwa imeshaanza kunguruma kwa kazi ya watu wengine.