Mistari ya Salfa

Watu wa Masasi wakinikumbuka, wananikumbuka na jezi ya ushirika. Wakati ule chama cha ushirika ndicho kilichonunua korosho za kila mkulima, na kilikuwa na timu, na winga wake wa kushoto nilikuwa mimi. Kazini niliandikwa karani wa ghala, lakini ghala lenyewe hata mlango wake sikuujua. Kazi yangu mpira! Nilikula, nilivaa na nilioa kwa mguu huu. Kisha ikaja biashara huria, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, ushirika ukafa kibudu na timu ikafa nao. Goti langu nalo likaona lisibaki nyuma.

Nikapanda Newala kufundisha timu ya wakulima. Walinipa chumba na mihogo, wakaniita mwalimu, na jina hilo nilililinda kweli, maana nje ya mpira sijui hata kushika jembe. Misimu ikapita. Viatu vikaisha, ukabaki mpira mmoja wenye viraka. Ndipo mnunuzi mmoja wa korosho akatuambia, "Mkiifunga Tandahimba, timu naichukua mimi, pamoja na mwalimu wenu. Mkifungwa, msinisumbue tena." Wiki ile nilitetemeka kama mwari anayemngoja ngariba. Timu ikifa hii nayo, mimi niende wapi?

Siku ya mechi hatukuwa na chokaa. Zamani ilitoka ushirika. Refa akagoma, bila mistari hachezeshi. Wazee wa timu wakanong'onezana, wakaenda majumbani, wakarudi na salfa, ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho isishambuliwe na ukungu. Ilikuwa miezi yenyewe ya kupuliza, na wengine waliipata kwa kuuza mbuzi.

"Tunauazimisha uwanja tu, mwalimu," akaniambia mwenyekiti wetu, mzee wa kijiji cha Makote.

Wakachora. Uwanja ukapendeza, akina mama wakapiga vigelegele. Lakini anayepuliza salfa huamka alfajiri, umande ungalipo, na upepo anaupa mgongo. Sisi tulianza saa kumi, mchanga mkavu, na upepo unavuma utakavyo.

Tukapata bao. Yarabi, nilimkumbatia hata shabiki wa Tandahimba! Zikiwa zimebaki dakika chache wakapiga shuti la chini, kipa wetu akajirusha akaudaka mpira palepale kwenye mstari, uso wote ndani ya salfa. Aliuokoa, ndiyo. Akaurusha mbele, kisha akainuka anajisugua macho na kupiga kelele.

"Maji! Leteni maji!"

Maji gani? Kwetu huku juu maji yanapandishwa kutoka bondeni kwa vichwa vya wanawake. Uwanja mzima ilipatikana chupa moja ya soda. Nilimlilia refa asimamishe, akanigeuzia kisogo. Lilipoingia bao lao la kwanza kipa alikuwa anapapasa nguzo. La pili alirukia upande ambao mpira haukwenda.

Nilimkimbilia mnunuzi na goti langu bovu, nikamkuta anapanda gari. "Bosi, ni salfa! Kipa haoni!"

"Kufungwa ni kufungwa, mwalimu," akasema, akafunga mlango. Nilishika dirisha, nikamsihi, hata aibu sikuona. Gari likaondoka.

Niliporudi uwanjani wazee walikuwa wameinama na mifagio na mabeseni, wanazoa salfa yao mstari kwa mstari. Mikorosho ilikuwa inangoja. Nilitaka kuwatukana. Niwatukane kwa lipi? Nikapiga goti kwenye mstari wa goli, nikaanza kuchota kwa viganja na kupepeta mchanga. Macho yaliniwasha vibaya.

Beseni lilipojaa mwenyekiti akanipokea.

"Mdogo wangu," akasema, "kesho alfajiri njoo shambani kwangu. Nitakufundisha kupuliza."